Kazi ya Kuratibu Isiachiwe Mama

Maneno ratiba, taratibu na kuratibu yametoka katika shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kupanga mambo kila kimoja mahali pake na kwa zamu yake. Tumeona tuanze na neno hili kwa kuwa ndilo lililokuwa midomoni mwa serikali zetu zilipounda vyombo vya kushughulikia dawa za kulevya. Tanzania ilipotunga sheria yake mwaka 1995, chombo kilichozaliwa kiliitwa Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya. Zanzibar nayo, kwa kuwa jambo hili si la Muungano, ilikuwa na Tume yake yenye neno hilo hilo. Kwa miaka mingi, basi, kuratibu kumekuwa ndiyo kazi rasmi. Swali tunalotaka kuliuliza leo ni la nyumbani zaidi kuliko la ofisini: kijana wa familia anapotumbukia katika unga, ni nani hasa anayeratibu?

Jibu analijua kila aliyewahi kuuguza mtu wa namna hiyo. Ni mama.

Tuchukue mfano wa nyumba ambayo si ya mtu fulani, bali imo katika mitaa mingi, kuanzia Temeke na Tandale hadi Mikunguni, Kisauni na Malindi. Mtoto wa kiume, aliyehitimu darasa la saba na juzuu zake kadhaa kichwani, ameanza kwa kuvuta bangi iliyochanganywa na unga, kisha kete, kisha sindano. Vitu vya ndani vinaanza kutoweka, simu, pasi, hatimaye mitungi ya gesi. Baba anamfukuza. Mama anamrudisha kwa mlango wa nyuma. Akimwona anapiga miayo, machozi na kamasi vinamtoka, tumbo linamkata na usingizi haumjii, anadhani ni malaria, mpaka jirani amnong'oneze kuwa hiyo ni arosto. Hapo ndipo safari ya mama inapoanza. Anakwenda kwa balozi au sheha, anaambiwa aende polisi. Polisi wanamwambia kuwa wao hukamata, hawatibu. Zahanati inamwandikia hospitali ya rufaa. Hospitali inamtaka kwanza apitie asasi fulani inayowasajili vijana vijiweni. Asasi inamwambia ofisi yao imefungwa, mradi umekwisha. Mtu mwingine anamwelekeza soba hausi, ambako ada ya mwezi ni kubwa kuliko kodi ya nyumba yake. Katikati ya hayo yote yupo tabibu wa mtaani anayemhakikishia kwamba mwanawe ana jini, na kwamba jini huyo anataka mbuzi.

Kila mmoja katika hao ana faili lake, na hakuna faili linalozungumza na jingine. Taarifa zote za kijana huyo, alianza lini, ametibiwa wapi, amefungwa mara ngapi, ana virusi vya UKIMWI au hana, zimo katika kichwa cha mwanamke mmoja anayeuza vitumbua. Yeye ndiye tume, ndiye wizara na ndiye mamlaka. Akiugua yeye, uratibu wote unalala kitandani pamoja naye.

Hatusemi haya kwa kuibeza kazi iliyofanyika. Tume ya Tanzania Bara ilikuwa na udhaifu uliojulikana: iliweza kuitisha vikao na kutoa taarifa, lakini haikuwa na nguvu ya kukamata wala kupeleleza yenyewe. Sheria ya mwaka 2015 ikaiondoa Tume na kuleta Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoanza kazi kwa nguvu mwaka 2017, nayo ikapewa uwezo wa kukamata, kupekua na kuchunguza. Zanzibar ilifuata njia hiyo kwa sheria yake ya mwaka 2021. Kenya ilikuwa na shirika lake, NACADA, tangu mwaka 2001, likathibitishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 2012. Matunda ya upande wa ukamataji yanaonekana. Mwezi Disemba 2023 Mamlaka ya Tanzania ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini katika Dar es Salaam na Iringa. Miaka tisa kabla yake, Aprili 2014, manowari ya Australia ilikuta zaidi ya kilo 1,000 za heroini ndani ya jahazi moja, baharini upande wa Mombasa. Bahari hii iliyotuletea tende na mazulia ndiyo inayotumiwa sasa na majahazi yanayotoka pwani ya Makran yakiwa na shehena ya unga wa Afghanistan.

Lakini msomaji atazame majina. Neno kuratibu limeondoka, yamebaki kudhibiti na kupambana. Huenda ni mabadiliko ya lugha tu. Sisi tunahofia kwamba ni zaidi ya lugha, kwa kuwa chombo chenye pingu hupimwa kwa kilo kilizokamata, na kilo hupigwa picha zikapendeza katika televisheni. Kijana aliyekaa mwaka mzima bila kujidunga hapigwi picha. Hana uzito wa kuwekwa mezani.

Tuingie katika jambo moja ambalo ndani yake suala zima la uratibu linaonekana waziwazi, nalo ni methadoni. Dawa hii ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, na baadaye katika miji mingine ya Bara na Unguja. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, Mathari na Malindi zikiwa za mwanzo. Ni dawa ya kimiminika, mgonjwa huinywa kwa kikombe mbele ya muuguzi, mara moja kwa siku, kila siku, Ijumaa na sikukuu zikiwemo. Hukata arosto na kupunguza hamu, na kwa kuwa haihitaji sindano, humwepusha na UKIMWI na homa ya ini. Mtu aliyekuwa akiamka na kuwaza kete ya kwanza ataipata wapi, sasa anaamka na kuwaza nauli ya kwenda kliniki. Hayo si maendeleo madogo.

Sasa Ijumaa jioni askari wanapita maskani na kuzoa kila waliyemkuta. Miongoni mwao yumo huyu wa methadoni, ambaye alikuja tu kumdai rafiki yake pesa. Anakaa mahabusu Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, na Jumanne anaachiwa bila shitaka. Kwa askari hakuna kilichoharibika. Kwa daktari kimeharibika kitu kikubwa. Mwili uliozoea kipimo fulani, ukikaa siku kadhaa bila dawa, hupoteza ule uzoefu wake. Kliniki haiwezi kumpa tena kipimo alichokiacha, kwani kinaweza kumzuia pumzi, na kwa hiyo inampasa aanze chini na kupanda polepole. Kijana mwenyewe, aliyekwishaonja arosto ya siku nne sakafuni, hana subira hiyo. Anarudi kwenye kete, tena kwa kiasi kile alichokuwa akikitumia zamani. Wengi wanaofariki baada ya kutoka mahabusu au gerezani hufa kwa njia hii: kipimo ni kile cha jana, mwili ni wa leo. Mama anaambiwa mwanawe "kazidisha". Ukweli ni kwamba idara mbili za serikali moja hazikupigiana simu.

Na simu hiyo haina gharama. Yatosha mgonjwa awe na kadi inayotambulika kituoni, mkuu wa kituo awe na namba ya kliniki, na pawepo amri iliyoandikwa kwamba mwenye kadi hiyo hupelekwa kunywa dawa yake kila asubuhi hata akiwa chini ya ulinzi, kama anavyopelekwa mwenye kifua kikuu. Hilo ndilo tunaloliita kuratibu. Makongamano ya hotelini, yenye mabango na fulana, hatuyakatai, lakini hayajawahi kumfikishia mtu kikombe chake.

Upo pia mgawanyiko wa bahari. Boti ya Dar es Salaam na Unguja huenda takribani saa mbili, na vijana wa unga huvuka kama wavukavyo wafanyabiashara. Upande mmoja ni sheria ya Bara na mamlaka yake, upande wa pili ni sheria ya Zanzibar na mamlaka yake. Mgonjwa anayesafiri kwa msiba wa bibi yake anahitaji barua ya kliniki moja kwenda nyingine, na msiba hausubiri barua. Tunaomba vyombo hivi viwili vione aibu kidogo kwamba muuza kete anavuka kwa wepesi kuliko anayetaka kuacha.

Kisha kuna fedha. Sehemu kubwa ya huduma hizi ilijengwa kwa msaada wa nje, hasa wa Marekani, kupitia mfuko wake wa UKIMWI. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila aliyekuwa akitegemea mfuko huo alijifunza katika wiki moja kile ambacho wachumi wetu walikuwa wakikisema kwa miaka. Mgonjwa wa methadoni hawezi kuambiwa arudi baada ya siku tisini. Serikali inayojivunia tani za mihadarati ilizoteketeza haikosi mahali pa kuandika kikombe hiki katika bajeti yake yenyewe.

Wakati tukibishana juu ya heroini, soko halikulala. Utawala wa Taliban ulipiga marufuku kilimo cha afyuni Aprili 2022, na Umoja wa Mataifa ukakadiria kuwa mashamba ya Afghanistan yalipungua kwa asilimia 95 mwaka 2023. Ukamataji ule wa Disemba 2023 tulioutaja ulikuwa na methamfetamini nyingi kuliko heroini. Kwa dawa hii methadoni haina msaada wowote, wala haipo dawa mbadala iliyoidhinishwa ya kuifanyia kazi hiyo. Tiba yake ni ushauri nasaha, uangalizi na muda mrefu. Mtumiaji hukesha siku kadhaa, hushuku kila mtu, husikia sauti, huzungumza na asiyekuwepo. Familia nyingi za Kiislamu zikiona dalili hizo zitampeleka kusomewa kabla ya kumpeleka hospitali. Kisomo ni kheri, na hatutamzuia mzazi kumsomea mwanawe. Tunawaomba masheikh wanaosoma wawe na jambo moja akilini: wamuulize mgonjwa anatumia nini, na akitaja, wampe mzazi jina la hospitali pamoja na dua. Hakuna waraka wa serikali tuliowahi kuuona unaowafikia watu hawa, ilhali wao ndio wanaowaona wagonjwa mwanzo.

Pombe tumeiweka mbali kwa makusudi, kwa sababu serikali nazo zimeiweka mbali. Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana haina kauli juu ya bia. Leseni za vilabu hutolewa na halmashauri kwa sheria ya vileo ya mwaka 1968, tumbaku ina sheria yake ya mwaka 2003, vidonge vya kutuliza maumivu viko kwa wadhibiti wa dawa za hospitalini, na ushuru wa vyote hukusanywa na Hazina. Kenya imeiweka pombe chini ya NACADA, jambo ambalo tunaliona ni la busara, lakini Katiba yake ya 2010 ikawapa magavana utoaji wa leseni za vileo, kwa hiyo anayehubiri dhidi ya kilabu na anayekifungulia mlango wanalipwa na walipa kodi wale wale. Kila Juni bajeti inaposomwa Dodoma na Nairobi, watu husikiliza bia imepanda shilingi ngapi. Hakuna anayesoma katika ukurasa huo huo ni kiasi gani cha ushuru huo kitarudi kutibu ini na akili za wanywaji. Waislamu wanakumbuka kwamba katika hadithi zilizopokewa juu ya ulevi, lawama haikumwangukia mnywaji peke yake. Ilitajwa pamoja na mkamuaji, mbebaji, muuzaji na anayekula thamani yake. Sera ya kisasa ingeuita huo mnyororo wa thamani. Huyo wa mwisho, mla thamani, ndiye ambaye vikao vya uratibu humsahau, labda kwa sababu ndiye anayelipia chai ya kikao.

Mirungi tuitaje kwa ufupi. Lunga Lunga ni zao linalotambuliwa na sheria za Kenya, lenye wakulima na wabunge wake. Ukivuka hatua chache ukawa Horohoro, ni dawa ya kulevya na ni kosa. Mtoto wa mpakani anajifunza kutokana na hilo kwamba haramu ni suala la geti.

Turudi nyumbani, maana serikali haiwezi kuratibu kinachofichwa. Wapo wazazi wanaomfungia kijana chumbani kwa mnyororo na kumwambia kila aulizaye kuwa yuko safarini Oman. Wapo wanaomwozesha haraka kwa imani kwamba akipata mke atatulia, wakamwongezea mtihani binti wa watu. Wapo wanaotumia nguvu nyingi kuokoa jina la ukoo kuliko kumwokoa mwenye jina. Kwa hawa tunalo tukio lililopokewa katika Sahihi ya Bukhari, la mtu aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) zaidi ya mara moja kwa ulevi, akaadhibiwa. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani. Mtume alimkataza asimlaani, akabainisha kwamba mtu yule alikuwa akimpenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilipita, na mlango wa jamaa haukufungwa. Anayetaka kujua namna ya kuunganisha sheria na tiba asianze mbali na tukio hilo. Na anayetaka kujua mpangilio wa hatua, azitazame aya zenyewe zilivyoteremka juu ya ulevi, katika Al-Baqara, kisha An-Nisaa, kisha Al-Maida: mafunzo yalitangulia, katazo la kukata likafuata, na Madina ikalipokea.

Tunarudia mara kwa mara kusikia swali kwamba methadoni si ni kilevi kwa jina jingine, na vipi mlango wa msikiti uihusishe na ibada. Swali ni la haki, na halijibiwi na mwandishi wa gazeti. Lijibiwe na wanazuoni wakiwa wameketi na madaktari katika chumba kimoja. Malaysia walikaa. Nchi hiyo, ambayo sheria zake dhidi ya mihadarati ni miongoni mwa zilizo kali duniani, ilianza kutoa methadoni mwaka 2005, na karibu na mwaka 2010 msikiti wa Ar-Rahman jijini Kuala Lumpur, ulio jirani na Chuo Kikuu cha Malaya, ukaanza kuwa mahali pa kuitolea, pamoja na darasa na swala. Mgonjwa anakunywa dawa yake, anatawadha, anaingia safu. Hatudai kila msikiti wetu uwe na dirisha la dawa. Tunasema tu kwamba kamati ya msikiti inaweza kumlipia fukara nauli ya kwenda kliniki, na kwamba masheikh watuambie kama fungu la zaka linamfikia mtu huyo.

Tuna ombi moja la haraka, kwa Ofisi ya Mufti wa Tanzania, Ofisi ya Mufti wa Zanzibar, Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, na kwa mamlaka zote tulizozitaja. Methadoni hunywewa mchana kwa sababu kliniki hufunguliwa mchana. Ramadhani inapoingia, mgonjwa Mwislamu anakuwa na njia tatu: anywe na kufungua, afunge na kukosa dawa, au aache tiba mwezi mzima kwa kudhani kwamba ndiyo toba. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani, hilo halina mjadala. Lakini kijana anayejaribu kurejea katika jamii anataka kufunga pamoja na jamii, na mama yake anataka kumwona mezani wakati wa futari. Kitabibu dozi moja inayodumu siku nzima yaweza kuhamishwa hadi baada ya magharibi, endapo kuhama huko kutapangwa mapema na daktari, hatua kwa hatua, na endapo patakuwa na muuguzi wa kuitoa. Hapo panahitajika Wizara ya Afya kulipa saa za ziada, polisi kuwaacha watu hao wapite njiani usiku, na Mufti kuandika kurasa mbili za kuwatuliza wanaohofia saumu zao. Ni ofisi tatu tu. Barua zao zikiifikia kliniki kabla Shaabani haijaandama, muuguzi atajua dirisha alifungue saa ngapi.